Tulinunua gari ‘haidai’, tukaipeleka Kasokola

“Baba, hiki kigia kidogo ni cha nini?”

Mwanangu wa mwisho, wakati huo darasa la nne, aliuliza swali hilo kabla hata hatujaiacha Mbalizi. Alikuwa amekaa katikati ya kiti cha nyuma, shingo ameichomeka kati ya viti vyetu vya mbele, anatazama mkono mfupi wa chuma uliosimama pembeni ya gia. Juu ya kirungu chake kulikuwa na maandishi yaliyofutika nusu: H2, H4, N, L4.

“Hicho ni cha porini,” nikamjibu. “Rudi nyuma, funga mkanda.”

Hilo ndilo lilikuwa jibu langu lote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 19 sasa, na najua jinsi jibu la mtu asiyejua linavyosikika. Mama watoto alinitupia jicho, kisha akageukia dirishani. Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuuliza zaidi, maana nusu ya gari lile ilikuwa mpunga wake.

Lilikuwa Toyota Hilux pikapu ya milango minne, rangi ya bluu iliyokoza, injini ya dizeli ile inayoitwa 3L, namba A. Anayefuatilia magari ameshaelewa: hilo lilishazunguka barabara za nchi hii miaka mingi kabla ya kutufikia. Aliyetuuzia pale Mbeya alitamka maneno ambayo kila muuza gari anayajua: “Mwalimu, gari haidai. Haidai hata mia.” Kazini kwangu ningemsahihisha kwamba gari “halidai”, lakini kosa la sarufi ndilo lililokuwa dogo kuliko yote katika sentensi ile.

Tulilipa milioni 14. Sehemu ilikuwa mkopo wangu wa mshahara, sehemu mpunga wa mke wangu wa misimu mitatu. Fedha hizo zilikuwa na kazi nyingine. Nyumba yetu Kasokola ilikuwa imesimama kwenye lenta mwaka wa pili, inasubiri mbao na bati, na sisi tunaishi kwenye vyumba viwili vya nyuma. Tulibishana usiku mwingi. Hoja yangu ilikuwa kwamba gari litabeba mpunga wetu na wa majirani, na nyumba itajengwa na gari. Hoja yake ilikuwa fupi: bati haliharibikii njiani.

Mwishowe alikubali, kwa sharti moja. Gari likitushinda, tunaliuza kabla ya mwaka kuisha na hatuzungumzii tena.

Kwa asiyepajua, Kasokola ni kata ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Neno manispaa lisikudanganye. Ukitoka barabara kuu unakutana na mashamba ya mahindi na mpunga, miti ya miombo, ng’ombe, na baiskeli zilizobeba magunia ya mkaa marefu kuliko mwendeshaji. Mkoa wenyewe ni mchanga, ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Mpanda, hata hivyo, ina historia ndefu ya kuhangaika na usafiri. Reli ya tawi kutoka Kaliua, kilomita 210, ilifika mwaka 1950 kwa sababu ya machimbo ya madini ya risasi, na kwa miaka mingi mvua zikikolea treni ndiyo iliyokuwa tegemeo la watu kutoka. Siku hizi lami imefika mjini. Tatizo limebaki kwenye zile kilomita chache za mwisho, kutoka barabara nzuri hadi uwanjani kwa mtu.

Na hizo kilomita chache zina udongo wa aina mbili. Juu kwenye miinuko kuna udongo mwekundu wenye kichanga, ambao unapitika karibu mwaka mzima. Chini kwenye mabonde ya mpunga kuna udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono. Masika ni sabuni.

Safari ya kulileta gari nyumbani ilikuwa likizo ya mwezi wa sita. Tulipita Vwawa, tukafika Tunduma na foleni yake ya malori ya kwenda Zambia, tukakata kulia kuelekea Sumbawanga. Juu ya uwanda ule wa Ufipa kuna baridi ya kuvaa sweta, na gari liliimba vizuri. Nilianza kumwamini muuzaji.

Imani iliisha barabara ilipoanza kushuka kutoka kwenye uwanda kuelekea Kibaoni. Nilikuwa nimezoea gari dogo la kuazima, kwa hiyo niliteremka kama nilivyozoea, mguu kwenye breki muda wote. Binti yangu wa kidato cha pili ndiye aliyesikia harufu kwanza. “Baba, kama kuna kitu kinaungua.” Nikamwambia ni malori. Mbele yetu hapakuwa na lori hata moja. Baadaye nikaona kanyagio la breki linazama kuliko kawaida, nikaingiwa na hofu, nikashusha gia hadi ya pili na kuacha injini ibebe uzito. Tulifika chini salama. Tulisimama nusu saa, magurudumu yakitoa joto kama jiko, na sikumwambia binti yangu kwamba alikuwa sahihi.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi barabara ilikuwa ya vumbi, na hapo tukapokewa na mbung’o. Mbung’o huvutwa na kitu kikubwa kinachotembea, na hupenda rangi ya bluu na nyeusi. Mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Sisi tulikuwa tumenunua mtego wenye injini. Tulifunga vioo, tukapikika ndani, na mdogo akahesabu mbung’o 31 kwenye kioo cha nyuma kabla hajachoka. Sitalike tulisimama darajani kuwaonyesha viboko wa mto Katuma, kisha Mpanda, kisha nyumbani. Majirani walitoka. Bibi mmoja akalimwagia gari maji kidogo kulibariki. Kwa miezi mitano nilikuwa mtu mkubwa Kasokola.

Mvua zilianza Novemba. Wiki ya kwanza ya Desemba tulikuwa tunarudi kutoka shambani, watoto nyuma, magunia mawili ya mbolea kwenye bodi, tukaingia kwenye bonde la udongo mweusi. Gari likazama hadi ekseli. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimesubiri siku hiyo tangu Mbalizi. Nikavuta kile kigia kidogo hadi H4, taa ya kijani ikawaka kwenye dashibodi, nikamtazama mwanangu kwenye kioo na kukanyaga mafuta.

Magurudumu ya nyuma yakarusha tope hadi kwenye paa. Gari halikusogea. Nikajaribu L4. Tukazama zaidi.

Mdogo alishuka bila ruhusa, akainama. “Baba, ya mbele hayazunguki kabisa.”

Nikamwambia arudi ndani, asichafuke. Tulikaa pale karibu saa moja. Akapita kijana na baiskeli, nikamtambua. Alimaliza la saba shuleni kwetu, na mimi ndiye niliyewahi kumwambia mbele ya darasa kwamba kichwa chake ni cha kubebea kofia. Aliniamkia kwa heshima zote: “Shikamoo mwalimu.” Akaegesha baiskeli, akapiga magoti kwenye tope, akafuta katikati ya gurudumu la mbele kwa kiganja. Pale palikuwa na kitufe kikubwa cha kuzungusha, na maandishi mawili: FREE na LOCK. Akakizungusha hadi LOCK. Akaenda upande wa pili, akafanya vivyo hivyo.

“Sasa weka ndogo, mwalimu, uachie klachi taratibu. Usikimbilie mafuta.”

Likatoka, likinguruma kwa upole kama trekta. Kijana aliwahi kuwa utingo wa gari la mizigo. Nilipotoa elfu tano akakataa. Nyuma yangu watoto walikuwa kimya, kimya kile cha watoto walioona jambo ambalo wazazi wao wangependa wasilione.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa fundi mjini Mpanda, mzee mwenye gereji chini ya mwembe, nikamwambia ukweli: mzee, nina gari nisilolijua. Alicheka, lakini si sana. Akanipa kigoda. Binti yangu alikuwa amenifuata, naye akachota kigoda chake bila kuambiwa. Hapo ndipo shule ilipoanza, na niseme wazi kwamba mwanafunzi wa kwanza darasani hakuwa mimi.

Mzee alitufundisha hivi. Kwenye gari kama hili, siku za kawaida injini inasukuma magurudumu ya nyuma tu. Kigia kidogo kinapeleka nguvu hadi ekseli ya mbele, lakini vile vitufe vya kwenye magurudumu ndivyo vinavyoishikamanisha ekseli na gurudumu. Kigia bila vitufe ni kumtuma mtoto dukani bila hela: atakwenda, hataleta kitu. Kwa hiyo ukiona mawingu, ukiwa bado pakavu, simama na ufunge LOCK zote mbili. Ukisubiri hadi uzame, utavifungia kwenye tope.

Binti akauliza, basi kwa nini tusiache LOCK na H4 siku zote? Mimi nilikuwa na swali hilo hilo, nimeona aibu kuliuliza. Mzee akachukua kijiti, akachora kona ardhini. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope au mchanga tairi huteleza kidogo na tofauti hiyo inapotea. Kwenye lami kavu tairi haitelezi, sasa zile propela mbili zinabaki zinavutana zenyewe kwa zenyewe. Usukani unakuwa mzito, tairi zinaliwa, na siku moja kitu ndani ya giaboksi ndogo kinakatika. H4 ni ya njia mbovu. L4 ni ya kupanda, kushuka kwenye utelezi na kujinasua, kwa mwendo wa mtu anayetembea, na unaiingiza gari likiwa limesimama.

Alitufundisha na mchanga: punguza upepo wa tairi, likanyage kwa upana. Hakutukumbusha kwamba baada ya hapo lazima ujaze tena. Tulijaza tairi nne kwa pampu ya baiskeli siku moja ya Januari. Sitaki kuizungumzia.

Binti alianza daftari. La kawaida tu, la kurasa 48, jalada likiwa na picha ya twiga. Humo aliandika kila kilichofanywa, tarehe, na kilomita za kwenye dashibodi. Kila asubuhi ya Jumamosi alifungua boneti na mdogo wake: oili ya injini kwa kile kijiti, maji kwenye rejeta injini ikiwa ya baridi, oili ya breki, mkanda wa feni kwa kuubonyeza na kidole gumba. Kila baada ya wiki mbili alifungua kile kibomba kidogo cha plastiki chini ya kichujio cha dizeli, akipampu kwa mkono juu yake hadi maji yaliyotulia chini yatoke na kuanza kuja dizeli tupu. Mara ya kwanza yalitoka maji ya kujaza kikombe cha kahawa. Injini ya dizeli inaweza kuvumilia mengi, mzee alisema, lakini maji kwenye pampu na nozeli ni sumu. Tukajifunza pia kwamba ukivuka maji marefu, difu iliyopata moto hupoa ghafla na kunyonya maji kupitia sili zilizochoka. Ukifungua nati ya kujazia na oili ina rangi ya chai ya maziwa, mwaga yote.

Nilikuwa na fahari nao. Lakini kuna jambo sikuwa nimejifunza bado, na halikuwa la gari.

Mwezi Mei ni mavuno. Nilikuwa nimekodishwa na majirani wawili kutoa mpunga bondeni, magunia 14 kwa safari, ambayo ni mengi mno, najua. Majani yalikuwa marefu kufikia boneti na yamekauka mbegu. Siku ya tatu, binti akiwa amekaa mbele na mimi, mdogo nyuma, tulikuwa tunapanda kutoka bondeni kwa L4.

“Baba, mshale wa joto umepanda.”

“Naona.”

Sikuwa nimeona. Nilikuwa natazama njia. Baada ya mita chache akarudia: “Baba, umefika kwenye nyekundu.” Nikamjibu kwa sauti ambayo sipendi kuikumbuka: “Nyamaza, anayeendesha ni nani?” Kileleni kulikuwa na watu wanasubiri mzigo wao. Nilitaka kufika.

Tulifika. Mvuke ukatoka pande zote za boneti, watu wakakimbia. Nikashuka kwa hasira, hasira ya kujionea aibu, nikafunga kitambaa mkononi na kukamata kifuniko cha rejeta. Binti aliniita. Mdogo alikuwa amesimama karibu na taa ya kulia, kimo chake kikilingana kabisa na kifuniko kile.

Kifuniko cha rejeta hufungwa kwa springi ili maji yakae kwa mgandamizo na yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari; sufuriani maji hapa huchemka hata kabla ya 100. Ukikifungua kifuniko injini ikiwa na moto, mgandamizo unatoweka mara moja na sehemu ya maji yaliyomo hugeuka mvuke kwa mpigo. Hayo naweza kumfundisha mtoto wa darasa la sita ubaoni. Siku ile nilikizungusha.

Binti alikuwa ameshamvuta mdogo wake kwa kola ya shati. Sijui alianza kumvuta saa ngapi. Maji yalinipiga mkono wa kulia kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko, na mengine yakapita pale kichwa cha mwanangu kilipokuwa.

Sikulia mbele yao, ila nilikaa chini. Mtu mmoja alisema nipakwe dawa ya meno, mwingine akasema asali. Binti akasema hapana, shuleni waliambiwa maji safi tu, dakika 20. Nyuma ya kiti tulikuwa na dumu la lita 20, la akiba ya rejeta. Akalifungua akawa ananimiminia mkononi polepole, akihesabu dakika kwenye simu yangu, na dumu lilipokaribia kuisha wanawake waliokuwa wanapepeta mpunga wakaleta lao la kunywa. Nikapelekwa zahanati kwa bodaboda. Mkono umepona, umebaki na ramani ya rangi nyingine, kama bara dogo.

Jioni ile mama watoto hakuniuliza habari za gari. Aliuliza jambo moja: “Mtoto alikuwa amesimama wapi?” Nilimwambia. Akanyanyuka akaenda nje, akakaa kwenye tofali za ile nyumba isiyo na paa hadi giza likaingia.

Kesho yake, kabla ya chai, nilimwita binti yangu mbele ya mdogo wake. Wazazi wa kizazi chetu hatukuzoea hili, na wazazi wetu hata kidogo. Nilimwambia: jana ulisema kweli mara mbili nikakunyamazisha; kule mlimani mwaka jana ulisema kweli pia. Samahani. Kuanzia leo ukisema simama, nasimama kwanza, tunabishana baadaye. Aliitikia “Sawa Baba,” akaenda kulisha kuku. Sidhani alijua afanyeje na maneno yale.

Fundi alifumua rejeta. Vipitishio vya hewa vilikuwa vimezibwa na mbegu za majani hadi unaweza kupanda bustani. Kifuniko chenyewe kilikuwa na mpira uliokufa. Na ile themostati, kidude kinachofungulia maji yazunguke injini ikishapata joto, haikuwepo kabisa, ilishang’olewa zamani. Utasikia mafundi wengi wakisema uing’oe, gari litapoa zaidi. Mzee wetu hakubaliani: injini inafanya kazi ikiwa baridi muda mrefu, inakula mafuta na kujimaliza, na mgonjwa wa kweli, yaani rejeta, anafichwa. Tuliweka mpya. Kwa bahati silinda hedi haikupasuka.

Alipokuwa anamalizia, mdogo alikuwa amekaa kwenye usukani akizungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, mchezo wake wa kawaida. “Mzee,” akasema, “hii moja haiwaki.” Ilikuwa imeandikwa T-BELT.

Mzee aliacha spana. Kwenye gari letu taa hiyo inapaswa kuwaka kidogo ukifungua ufunguo, kama zenzake, kisha iwake kabisa kila kilomita 100,000 kukumbusha kwamba mkanda wa taimingi umefikia kubadilishwa. Akafungua dashibodi. Balbu haikuwepo. Mtu aliichomoa.

Mkanda wa taimingi ni wa mpira wenye meno, unazungusha shafti inayofungua na kufunga vali kwa mpangilio na pistoni. Ukikatika injini ikiwa kwenye mwendo, vali na pistoni hukutana. Muuzaji alituambia ulishabadilishwa. Hapakuwa na risiti, wala alama ya kalamu kwenye kifuniko. Mzee akasema mkanda, beringi yake na sili, pamoja na kazi ya rejeta, tujiandae kwa zaidi ya milioni moja.

Tulikuwa nayo hiyo milioni. Ilikuwa fedha ya mpunga wa mwaka huu, na mwaka ulikuwa unaisha. Ndio muda ule tuliowekeana wa kuamua kama gari linauzwa. Mbao tulishaulizia bei. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeandaa hotuba ya kuuza. Tungeweza kuliuza lilivyo, na kumwambia anayenunua kwamba halidai.

Mama watoto alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, “Na huyo atakayenunua, atapakia watoto?”

Alihesabu fedha mezani usiku ule, akaziweka kwenye bahasha. Asubuhi aliongozana nasi gereji kwa mara ya kwanza, akakaa kwenye kigoda cha tatu na kitenge chake mabegani. Mzee alipovua kifuniko, akauchomoa mkanda na kuukunja kinyumenyume mbele ya macho yake. Ulikuwa na mipasuko kila baada ya jino moja, na meno mawili yalikuwa yamekatika kabisa. Mke wangu aliuomba. Ameutundika kwenye msumari jikoni, na mgeni akija na kusifia gari anaelekezwa kwanza kule.

Agosti hii tulikwenda Sitalike, safari isiyo na mzigo, ya kwetu wanne tu. Katuma kiangazi hubaki madimbwi, na viboko hubanana humo migongo kwa migongo, wakigombana kama abiria wa mwisho wa basi la mwisho. Tulikaa mbali, juu ya ukingo, tukala viazi vya kuchemsha. Njiani kurudi, kabla hatujafika Mpanda, binti alinyoosha kidole. “Baba, simama. Kuna kitu kinagonga mbele kushoto.”

Mimi sikuwa nimesikia kitu. Nikasimama.

Nati mbili za gurudumu zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Siku mbili kabla nilikuwa nimebadilisha tairi mwenyewe, nikazikaza gari likiwa bado juu ya jeki na nikasahau kuzirudia lilipotua chini. Mdogo alileta spana ya magurudumu, dada yake akakaza kwa mpangilio wa msalaba, moja na inayoitazama. Anataka kujifunza kuendesha. Nimemwambia sheria inasema miaka 18, na amenijibu kwamba kukaza nati hakuna umri.

Usiku aliandika kwenye daftari lile la twiga: tarehe, kilomita, “nati mbele kushoto, Baba alisahau.” Nilifungua ukurasa wa nyuma kutafuta kalamu, nikakuta mwandiko mwingine. Mama watoto alikuwa ameandika, bila kumwambia mtu: Bati vipande 64. Misumari ya bati kilo 8. Mbao, muulize yule wa Katumba. Usafiri, letu.